Makosa na Yaliyoachwa

Ofisi yetu Wete iko juu ya duka la saruji.
Kila mwisho wa mwezi naandika vilivyoingia, vilivyotoka,
nakitoa hiki katika kile,
na kinachobaki hupelekwa Unguja kwa jina la nakisi.

Vinavyoingia navihesabu na nauli yake na bima yake:
mchele si mchele tu, ni mchele na safari.
Vinavyotoka navihesabu vikiwa bado gatini,
havijalipiwa hata wimbi moja.
Nikamuuliza mkuu wangu, Bwana Asaa Shaame,
mbona deni linaanza kabla hatujanunua kitu?
Akasema, "Ndiyo kanuni. Piga mstari."

Nikapiga mstari.

Karafuu hunifikia kwa tani.
Mamaangu, Bimize, huijua kwa pishi:
alichuma kwa pishi mikarafuuni Mzambarauni,
akalipwa kwa pishi, mbichi,
usiku akachambua makonyo juu ya jamvi
mpaka kucha zikawa nyeusi, zikanukia hadi Idi.
Fomu yangu haina safu ya kucha.

Na kuna gunia jengine lilipita Msuka gizani,
halikupita kwangu.
Ng'ambo likapata cheti, likapata uraia,
likasafiri mbele kama mzaliwa wa huko.
Sisemi nani. Nina shemeji.
Kwangu ni sifuri, kwao ni mauzo,
na ukiitafuna, ulimi unakufa ganzi vilevile.

Mwani wa Riziki Faki ulitoka kwa bei ya kuonea haya.
Ulikwenda huko unakokwenda,
ukarudi ndani ya dawa ya meno,
na safari hii tukaulipia bima.

Kaka yangu Hemed yuko Maskati.
Alimpa msafiri viatu na kopo la halua,
kiatu cha kushoto kina riyali kwenye soli.
Nyumba ya mama imeezekwa kwa kiatu kile.
Bati nimeliandika: limeingia.
Kiatu sikukiandika.

Ripoti kubwa ikirudi, ukurasa wa mwisho, chini kabisa,
pana mstari wa herufi ndogo:
makosa na yaliyoachwa.
Huwekwa ili mizani ilale sawa.
Wenzangu wanauruka.
Mimi huanza nao, kidole juu yake,
kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe
katika orodha ya waliofaulu.
Safari hii tarakimu yake ni ndefu kuliko ya karafuu.

Jana mama kanipigia:
"Nyie wa hesabu, mwaka huu tumepata au tumekula hasara?"
Nikatazama fomu. Nikatazama dirishani,
vijana wakishusha saruji, weupe wa vumbi mpaka kope.
Nikakosa la kusema.
"Basi," akasema, "ukija njoo na sabuni.
Ya unga. Ya kipande imepanda."