Tikiti la Kalina

Alfajiri ya Agosti, kabla jua halijagusa mabati,
Kalina amesimama mlangoni pangu
kavaa kaptura ya mwanawe, shanta mgongoni,
na ndani ya shanta tikiti maji zima.
Kilo saba. Labda nane.
Nikamwambia: Una wazimu.
Akaniambia: Funga viatu, Nevena, basi halitungoji.

Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza
tangu mwaka juzi, mwaka wa bomba,
fundi alipochimba mtaro upande wangu wa ua
na mcheri wake, ng'ambo ya ukuta, ukakauka.
Nieleze nani alisema nini?
Sielezi. Njia yenyewe ilikuwa ndefu.

Misonobari kwanza, na harufu ya utomvu uliopata moto,
kisha vichaka vifupi vinavyochuna magoti,
kisha mawe, mawe tu,
na alama nyekundu za rangi juu yake
kama mtu alipita akivuja damu, ila kwa mpangilio.
Vijana wawili wa Sofia wakatupita
na fimbo zao nyepesi, wakaona lile umbo la duara
likivimba mgongoni mwa mwanamke wa miaka sitini na moja.
Wakacheka.
"Wacheke," akasema Kalina. "Watarudi na kiu."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
ndivyo isemwavyo.
Basi kwenye daraja la magogo nikasema: Lete.
Usufi! Lilinikalia mabegani
kama mtoto aliyelala makusudi ili abebwe.
Nilihesabu hatua mia, nikapumzika,
nikahesabu themanini, nikapumzika,
na yeye mbele, mikono mitupu,
akipiga mluzi, shetani yule.

Ziwa halikujitangaza.
Tulipanda kingo ya mwisho tukidhani ipo nyingine
na pale chini likawa lipo,
jeusi karibu yetu, kijani kule mbali,
na kwenye kivuli cha jabali kipande cha theluji
kichafu kama shuka la hospitali ya wilaya.
Hatukusema "lo!" Tulivua soksi.

Tukaliweka tikiti majini lipoe,
tukalizungushia mawe, boma dogo,
tukala mkate na jibini na nyanya
kwa chumvi iliyofungwa kwenye karatasi ya gazeti.
Nadhani nilisinzia.
Niliposhtuka boma lilikuwa wazi
na tikiti letu linasafiri,
taratibu, bila hasira,
kuelekea katikati ya ziwa.

Kalina hakuuliza maji yana baridi gani.
Alibaki na sidiria na chupi ya maua,
akaingia, na sauti aliyoitoa
ikaenda kugonga jabali ikarudi na wenzake.
Nikaona kichwa chake cha mvi
kikifuata kichwa kile cha kijani.
Mimi sijui kuogelea. Anajua hilo.
Niliingia hata hivyo, mpaka kifuani,
meno yakigongana, mikono imenyooshwa,
naye akalisukuma kwa paji la uso, kidogo kidogo,
mpaka likanifikia, zito, baridi, langu.

Kisu tulikisahau. Kilikuwa mezani kwangu.
Tukalipasua juu ya jiwe
tukala kwa viganja, maji mekundu yakitiririka viwikoni,
na wale vijana wa Sofia, wakishuka, wakasimama.
Kalina akawakatia pande kubwa
bila neno, ila akanikonyeza.

Jioni, kituoni, miguu ikiwa si yetu tena,
akatazama upande ule basi linakotokea, akasema:
"Mcheri ule ulikuwa na wadudu
hata kabla ya fundi wako."
Sikumjibu.
Nilikuwa na mbegu moja chini ya ulimi,
nimetoka nayo ziwani,
na sikutaka kuitema.