Kiberiti cha Subilaga

Umande wa Isyonje haujakauka
na Subilaga, kibegi mgongoni, anangoja Fuso la viazi
limshushe Uyole; kesho Tunduma,
keshokutwa ng'ambo, kwa mumewe anayeunga vyuma.

Sina cha kumpa.
Sukari iliisha juzi, na hela, we acha tu.
Nikamwaga njiti za kiberiti mezani, zote,
nikaenda ukingoni mwa barabara, pale greda halikufika,
nikapukuta maua yaliyokwisha kunyauka:
lile la manjano lenye shingo ya kuku,
lile jekundu linalosimama wima kama mwenge,
na jingine dogo, silijui jina.
Nalo halijawahi kuniuliza langu.

"Wenzio huvusha chikanda, wewe wanipa vumbi!"

Kweli. Magunia yamepita hapa usiku,
mizizi ya Kitulo ikienda kuliwa,
nyuma yakabaki mashimo, ufizi bila meno.
Kilichong'olewa hakijahama, Subilaga.
Kimeondoka.
Mbegu ndiyo inayojua kwenda
na mama yake akabaki amesimama.

Viazi hivi vya Fuso, nani aliviuliza kwao wapi?
Pareto ilikuja, misindano ikaja,
mama yangu akaja kwa miguu kutoka Makete,
akaitwa wa-kuja miaka arobaini,
hadi siku waliyomchimbia kaburi
kwenye udongo uleule waliomnyima shamba.

"Mpakani wakiuliza?"
"Nitasema kiberiti."
"Wakisema washa?"
Tukacheka, tukashikana mabega,
Fuso likapiga honi mara ya pili,
ya tatu kwa hasira.

Masika yamepita. Jana simu imelia:
*Limeota moja, kando ya choo. Sijui lipi.
Jirani anauliza ni dawa ya nini.*

Nikakaa na simu mkononi.
Dawa ya nini.
Nikaandika: *Mwambie sijui. Likikauka, mgawie.*

Mimi huku njiti ninazo, kikombe kizima,
lakini njiti bila ubavu wa kiberiti ni vijiti.
Ningenunua kingine; dukani hakikosekani.
Sijanunua.
Kila jioni navuka uzio na kigae changu
kwenda kwa Mama Ambindwile kuomba kaa la moto,
naye, kabla sijabisha hodi,
ameshasogeza kigoda.