Korido ya Kumi na Saba

Hoza anatoza mia tano kwa nusu saa,
na nusu saa haitoshi hospitali ile.
Tulishazoea nyumba ndogo: vyumba viwili, stoo, jiko,
mzimu wa watu wa kawaida,
unabamiza mlango, unazima taa, basi.
Lakini usiku ule Mhina akasema, "Leo ramani kubwa,"
akabonyeza kabla hatujabisha.

Tukashuka garini wanne:
Mhina na kipimajoto,
Semeni na redio ya kuongea na wafu,
Kidawa na chumvi,
mimi na kurunzi na ubani,
ubani kama wa mama wa Alhamisi jioni,
ila huu hauna harufu
na unawaka mara moja tu.

Korido zinafanana kama meno.
Vitanda vya chuma, viti vya magurudumu,
milango sitini (Semeni alihesabu, akachoka),
na ramani iliyo ukutani imechorwa kwa ajili ya watu
wanaojua tayari wanakokwenda.

Ndipo nikazipa majina ya kwetu Ngamiani.
Mlango mkuu: Barabara ya Kwanza.
Penye machela iliyopinduka, ya Tano, nilikozaliwa.
Chumba cha maiti, ya Kumi na Moja,
penye fundi cherehani anayenidai.
Ya Kumi na Saba ni ile ndefu ya mwisho,
haina taa, haina kabati la kujifichia;
hata ile ya kweli, ingawa nyumbani ni ya Kumi na Sita,
sijawahi kuwa na shughuli huko.

Akili, asilimia arobaini.
Semeni akauliza redioni, "Uko wapi?"
Ikajibu, "Nyuma."
Tukacheka. Tukacheka sana,
kama wanaocheka msibani,
mpaka kurunzi zikaanza kufumba na kufumbua
na mlango mkuu, kule ya Kwanza,
ukajifunga wenyewe.

Wa kwanza Kidawa. Alikuwa kabatini, kimya,
ila hakuzima kurunzi.
Kisha Semeni, aliyekimbia bila kujua anakimbilia wapi.
Mhina alirudi kumtafuta Semeni.
Wote watatu wamekaa nami benchi moja,
bega kwa bega, nasikia joto lao,
na hawasemi neno.
Ndiyo sheria yetu, hata Hoza anaijua:
maiti hamwelekezi aliye hai.

Nimebaki mimi. Akili, asilimia sita.
Niko ya Kumi na Saba.
Nikazima kurunzi, nikahesabu milango kwa kupapasa.
Nyayo. Si zangu.
Nikabana pumzi, maana kipaza sauti kina masikio,
na kinachosikia, kinamwambia yeye.

Ndipo mama, dirishani, kwa sauti ya mtaa mzima:
"We Mwanamvua! Saa nne hii!"

Nyayo zikasimama.
Zikageuka.

Sina la kusema kuhusu ushujaa.
Nilichoma ubani, nikapita ndani ya moshi,
gauni, nywele, baridi ya friji la samaki,
nikakimbia nikitaja kwa sauti,
kwani kujificha kumebaki na faida gani:
Kumi na Tano! Kumi na Mbili!
Ya Tisa nikasita. Kushoto au kulia?
Goti la Mhina likanigusa.
Mhina siku zote hukaa kushoto kwangu.
Labda alikuwa anajikuna.
Ya Tano. Ya Pili.
Gari.

Malipo yalikuwa hela za uongo, tena chache,
na aina ya mzimu tuliikosea.
Nje mama ana kanga begani na ndara mkononi.
Umeme umekatika kuanzia ya Kumi kwenda juu.
Yeye mbele, mimi nyuma:
Kumi na Moja, fundi kalala, namshukuru Mungu,
Kumi na Mbili, Kumi na Nne.
Mlangoni kwetu mama akachomeka ufunguo
na bila kugeuka akaniuliza,
"Huyo unayenong'ona naye
mmetoka naye wapi?"