Pindo

Mimi ni fundi cherehani wa Kadutu,
watoto nawajua kwa vifundo vya miguu.
Kila Septemba mama zao hupanda ngazi na suruali za buluu:
"Papa Cirhuza, fumua pindo, huyu amekimbia nguo."
Nafumua. Ndani yake naukuta mstari mzito,
buluu ya mwaka jana, jua halijauonja.

Ya Murhula wangu
Septemba tatu sijaigusa.
Nabintu, pacha wake, amempita shubiri nzima.
Nami, mpima watu, futi shingoni kutwa,
nilijifanya sioni.

Jirani: ni madumu ya maji, yanamdidimiza.
Shangazi: kuna aliyemruka akiwa amelala.

Munganga, binti mwenye miwani kubwa kuliko uso,
alimpapasa shingo, akageuza fishi, akachora.
Chini ya ubongo, tezi ya ukubwa wa punje ya haragwe:
hii hutuma neno usiku, mtoto akizama usingizini,
kwenda mifupani.
Shingoni, nyingine, mfano wa kipepeo:
hii ndiyo mkaa wa jiko. Ukififia,
neno linafika, nyumba ni baridi, hakuna anayeamka.
"Kwake huyu, mkaa umefifia."

Nikauliza la kijinga: mifupa nayo ina pindo?
Hakucheka. "Inayo, kwenye ncha.
Balehe italeta homoni zake, zitamrefusha haraka haraka,
kisha zitalishona pindo hilo, lisifumuke tena.
Umekuja mapema, mzee. Si mapema sana."

Na hofu? nikasema. (Kuna usiku
tuliolala wote chini ya meza ya kukatia,
nikihesabu milio, yeye akihesabu vifungo.)
Alikaa kimya, kalamu hewani.
"Hofu nayo ina homoni yake.
Ikikaa siku nyingi, inakula kitambaa."

Basi kidonge kimoja, alfajiri, kabla ya chai.
Nabintu ndiye anayemwamsha,
anamkemea kama mama mkwe.

Leo ni Februari, si msimu wa mapindo.
Murhula amesimama mlangoni, mvua mgongoni:
"Papa, soksi zangu zinaonekana."
Nikapima. Nikapima tena.
Nikamwambia avue viatu, asinyanyue visigino, asicheke.
Sentimita moja. Labda na nusu.

Hakuna fundi anayefumua pindo
kwa sentimita moja.

Niletee wembe, nikamwambia Nabintu.