Umejenga Sanduku

Usiku wa kwanza tulilala shimoni,
mimi na Mundhir, tumejifukia udongo hadi utosini
kama muhogo usiong'olewa,
tunamsikiliza mtu anaguna huko juu.
"Zombi huyo, Mama. Usitoke."
Na mimi, muuguzi, miaka kumi na minne zamu za usiku
wodi ya mifupa,
nikapunguza sauti ya televisheni
asije akatusikia.

Asubuhi ikaingia ghafla na jua lake la mraba.
Nje ya dirisha letu la kweli, Al-Khodh, digrii arubaini na sita,
kiyoyozi kinakohoa,
paka amejibanza chini ya gari la jirani.
Ndani ya kioo kuna msitu, na mvua.
"Kata mti," akaniamuru.
Nikakata shina la chini, mti ukabaki hewani,
hauna habari.
Nikacheka mpaka chai ikanipalia.

Nikajenga haraka, kabla ya giza:
kuta nne, paa bapa, mlango.
Akaja, akazunguka mara moja, kimya,
kama mkaguzi wa baladia.
"Umejenga sanduku."
"Sanduku lina stara."
"Stara lina. Lakini baya."

Basi akanifunza, mtoto wa miaka kumi:
pembe zisimame kwa magogo,
kuta zirudi ndani hatua moja, kivuli kipate pa kukaa;
chini mawe, juu mbao,
paa litokeze mbele kama nyusi.
Ukitaka dirisha, tia mchanga tanurini, utoke kioo.
"Mchanga?" nikasema. "Basi sisi matajiri."

Nami nikamfunza ya kwangu.
Nyumba gani haina majlisi?
"Hakuna wageni, Mama. Wanaobisha hodi usiku
wanakula watu."
"Hata hivyo."
Tukatoa chumba kando ya mlango,
tukatandika sufi tuliyoitia rangi nyekundu,
jiko tukalipeleka nyuma, moshi usiwafikie,
na pa kuwekea viatu,
ingawa miguu ya kule haivuliki viatu.

Jumanne, yule wa kijani asiye na mikono
alisogea ukutani, akatoa mlio wa sufuria ya mvuke,
na majlisi ikaondoka na zulia lake.
Mundhir akanyamaza. Nikadhani atalia.
"Upande huu hatukuweka taa," akasema.
"Gizani ndiko wanakozaliwa."
Akaanza kuokota mbao.

Ijumaa nikampeleka Barka akakione kiwanja.
Miaka sita hati yake imo kabatini
pamoja na barua za benki,
kila moja na adabu yake ya kusema subiri.
Kokoto, mgunga mmoja, vinyesi vya mbuzi.
Vigingi vinne.
Cha nne baba yake alikipigilia mwenyewe, kwa jiwe,
mwaka ule.

Mundhir akashika pembe hiyo hiyo, akavua kandambili.
"Bloku moja ni mita moja," akasema,
akaanza kutupa hatua, anahesabu kwa sauti,
tisa, akakata kulia, saba,
akaruka nafasi ya mlango.
Nikamfuata kwa njia ya mkato.
"Usipite hapo, Mama! Hapo ukuta."
Nikarudi, nikazunguka,
nikaingia kwa mguu wa kulia, nikatoa salamu.
Akaitikia kutoka jikoni.

Magharibi ikatukuta tunabishana kuhusu ngazi.
Nilipowasha gari akaruka nje, akarudi mbio
na ile taa ya sola, riali moja na nusu,
tuliyoinunua kwa ajili ya roshani,
akaichomeka kwenye kokoto,
pale pale majlisini.

Kwenye kioo cha nyuma niliiona mpaka tulipokata kona.
Kesho zamu yangu inaanza saa moja usiku.
Nimemwambia asipandishe ghorofa
bila mimi.