Nukta Sifuri

Jumanne, mkojo wa Bi Chumu Hamad
ulifika maabara umefungwa kwenye leso,
fundo mbili,
mtu asikione kikopo njiani.

Alhamisi, jalada lake likafika kwangu.
Daktari kaandika neno moja: *Homa.*

Mimi karani wa takwimu, Hospitali ya Wete,
chumba cha nyuma, feni inayozunguka ikipenda.
Sitibu. Sidungi sindano.
Kila ugonjwa naupa herufi na nambari,
na homa ina yake: R hamsini, nukta tisa,
shimo tunalotupia kila kisichotajwa.

Nikafunua nyuma.
Rajabu: homa.
Shaabani: malaria,
na chini yake, kwa wino uleule, kipimo hasi.
Ramadhani: tumbo.
Kila mara vidonge. Kila mara karudi.

Ndipo ikanidondokea mapajani karatasi ya maabara,
imekunjwa mara nne kama hirizi.
Mwandiko wa Asaa: *E. koli, wengi mno.
Septrini haimuwezi.*
Hakuna aliyeikunjua.

Nikamfuata Dokta Nahoda na jalada mkononi.
"Mize, si uandike tu yutiai? Sote twaijua."
"Ya wapi, daktari? Kibofu au figo?
Nyumba hiyo ina vyumba,
nami siruhusiwi kubahatisha mlango."

Alinitazama, akatazama foleni,
akaikunjua karatasi.
Kisha akamwita muuguzi Raya.

Nyuma ya pazia, mwanamke kwa mwanamke,
Bi Chumu akasema alichoshindwa kukisema miezi mitatu
mbele ya vijana wa kiume wenye kalamu:
"Haja ndogo, mwanangu, ni pilipili.
Mgongo hauniumi. Ni huku chini."

Daktari akalikata neno *Homa* kwa mstari mmoja,
mwembamba, libaki likisomeka,
maana huku kwetu kosa halifutwi wala halizikwi.
Akatia tarehe, saini, na dawa nyingine.
Nami nikaandika:
N thelathini, nukta sifuri. Kibofu.
B tisini na sita, nukta mbili. Huyo koli, kwa jina lake.

Mwaka jana tulipeleka Unguja homa kwa mamia,
tukaletewa maboksi ya dawa ya malaria.
Yamekwisha muda stoo, panya wamezaa juu yake.
Mwezi huu, kwenye mstari wa kibofu, nimejaza moja.
Moja si kitu, najua.
Mwezi uliopita palikuwa na sifuri,
na Bi Chumu alikuwapo.

Akitoka alisimama dirishani kwangu,
leso mkononi, tupu, imekunjwa vizuri.
"Umeniandika nini humo?"
"Herufi na nambari, bi."
"Mtu akiziona atajua?"
"Wa mtaani? Hajui."
Akafikiri kidogo.
"Na daktari wa kesho?"
"Huyo atajua."

"Haya. Andika kwa wino usiotoka."