Mbinya Anauza Moto

Ilianza na Osundwa wa mashine ya kukata karatasi.
Jumatatu moja, mwezi wa pili, akaja kazini na ndoo ya aiskrimu.
Tukamcheka. Tukauliza nani amezaliwa leo.
Akafungua kifuniko: ndengu, wali, vipande viwili vya parachichi
vimeanza kupauka kama gazeti la juzi.
Akala polepole, ameuelekea ukuta.

Wiki hiyo sahani ya Mbinya ilikuwa imepanda shilingi thelathini.

Mimi nina miaka arobaini na mitatu.
Nashona kitabu cha kurasa mia nane kisifumuke,
lakini jikoni sikuwa na habari.
Kwetu Nyamira mwanamume akionekana karibu na mafiga
huulizwa amepoteza nini.

Githeri yangu ya kwanza: gesi iliisha saa nne usiku,
maharagwe bado yana roho ngumu.
Niliyatafuna hivyo hivyo, kwa hasira ya bei.
Ya pili iliungua chini na juu ikabaki mbichi,
sijui hilo linawezekanaje.
Nikampigia dada yangu Kerubo.
"Weka simu karibu na sufuria," akasema, "nisikie."
Tukanyamaza, yeye milimani, mimi gorofa ya sita Pipeline,
tukisikiliza maji.
"Bado. Hiyo inabwabwaja tu. Ngoja inong'one."

Ikanong'ona.

Tangu hapo nikaanza kuisikia ngazi yetu jioni:
omena mlango wa tatu, vitunguu saumu mlango wa tano,
vijana wawili wa chuo wanasukuma chapati kwa chupa ya soda,
chapati zenye pembe, zenye ramani, wanazila na kushangilia.
Na mimi, mtu wa kusalimia kwa kichwa,
nikagonga mlango nikaomba dhania.

Kufikia mwezi wa nne ndoo kumi na tisa
zilikuwa zimepangwa kwenye meza ya kukunjia.
Kadi mia tatu za harusi ya watu zikatoka zinanuka samaki.
Mkubwa akafoka. Siku ya tatu akaja na hotipoti yake.

Ng'ambo ya barabara, Mbinya.
Sufuria zake zimejaa mpaka saa tisa,
upawa umelala, mkono uko shavuni.
Miaka kumi na mmoja nimekula kwake,
mara nyingine kwa ahadi tu, mwisho wa mwezi.
Sasa nilipitia lango la nyuma
kama mdaiwa, ilhali sikuwa na deni.
Au nilikuwa nalo.

Halafu siku moja kipande cha boksi, maandishi ya mkaa:
KUPASHA CHAKULA, SHILINGI ISHIRINI.

Moto huzaa jivu, walisema.
Wa Mbinya umezaa karo ya muhula.
Tunapanga foleni na ndoo zetu,
naye anafunua, anamimina, anakoroga, hachanganyi ya mtu na ya mtu,
na hanyamazi.
"Osundwa, chumvi si changarawe."
Kwangu alichovya kidole, akatazama juu kidogo.
"Kitunguu ulikikimbiza. Ulikuwa unaenda wapi?"
Kesho yake nikaja na kitunguu kibichi mfukoni.
Akanionyesha. Robo saa kwa kitunguu kimoja!
Wateja wananung'unika nyuma yangu,
yeye anasema, tulieni, huyu anajifunza kusubiri.

Ijumaa iliyopita, foleni ilipoisha,
akatoa ndoo yake mwenyewe chini ya meza.
Ugali umekaa upande, sukuma imekatwa minene kama kamba.
"Muthengi amepika," akasema. "Yuko kidato cha pili.
Aliamka saa kumi. Nikasikia sufuria, nikadhani ni panya."

Hakuipasha.
Akaugeukia ukuta wa mabati,
akamega tonge,
na kwa mara ya kwanza tangu nimjue
mkaa ukafifia, yeye yupo,
asiushughulikie.